Injini ya Marehemu Baba: Ing'olewe au Ibaki?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nilipokuwa mgeni katika mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, wenyeji wangu walinikirimu kwa chai ya maziwa ya ngamia, wakanitandikia mkeka kivulini, kisha wakanitwisha mzigo ambao sikuutarajia. Walitaka niwasuluhishe ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, ambao walikuwa hawasemezani kwa miezi kadhaa. Nikauliza kisa ni nini: ni shamba, ni mifugo, ama ni mke? Wakaniambia: “La, Maalim. Ni injini.”

Msomaji asicheke. Mimi nilicheka, na nilijuta pale pale, kwani wenzangu hawakucheka.

Nyuma ya nyumba, chini ya mgunga, palikuwa na Land Rover ndefu ya inchi 109, ya ile aina ya tatu iliyotengenezwa baina ya 1971 na 1985. Rangi yake siku zake ilikuwa kijani. Sasa ni rangi ya vumbi. Marehemu baba yao aliinunua akiwa kijana, akabebea maji, mahindi, mbuzi, wagonjwa, maharusi na maiti. Injini yake ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, ya petroli, silinda nne. Kaka mkubwa ataka kuing'oa atie injini ya dizeli ya Toyota, aliyoipata katika Land Cruiser iliyopinduka. Mdogo wake amekula yamini kwamba mtu hatagusa injini ya baba maadamu yeye yu hai. Na kati yao yuko mama yao, mjane, ambaye gari likilala, naye jikoni kwake hulala.

Basi hilo ndilo nitakalo kulizungumza leo. Mtu wa mijini huenda akaona ni jambo dogo. Lakini ndani yake mna swali ambalo sote twalikabili, ama katika nyumba za wazee wetu, ama katika ngoma zetu, ama katika mashairi yetu: kitu cha kale chaweza kubadilishwa kiasi gani, na bado kikawa ni kile kile?

Kwanza tulijue gari lenyewe. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma cha pua ni haba, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Uhaba huo wa Waingereza ukawa neema kwa watu wa mbali, kwani alumini hailiwi na kutu kama bati. Chasisi ndiyo ya chuma, nayo kwetu Pwani huliwa na chumvi ikawa kama andazi lililochovywa chaini. Lakini Isiolo ni nchi kavu. Nilijilaza chini ya gari lile nikaigonga chasisi kwa kipande cha nondo. Ikalia kama kengele.

Isiolo na Land Rover ni kama Lamu na jahazi. Kwa miaka mingi lami iliyotoka Nairobi ilikoma hapo Isiolo. Mbele yake palikuwa na kizuizi cha askari, na mbele ya kizuizi ni mawe, mchanga na vumbi, zaidi ya kilomita 500 hadi Moyale. Enzi za mkoloni mtu hakuruhusiwa hata kuvuka hapo bila ya kibali, kwani nchi yote ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa sheria. George Adamson, yule msimamizi wa wanyama aliyemlea simba Elsa pamoja na mkewe Joy, makao yake yalikuwa Isiolo, na Land Rover ndiyo iliyokuwa miguu yake. Kitabu cha Joy kilitoka 1960, filamu yake ikatoka 1966, na dunia nzima ikaliona gari lile likipanda majabali. Ila wenyeji hawakuhitaji filamu. Wao walilijua kwa mlio: mtoto wa Bulla Pesa aliweza kutambua gari la babake likiwa bado halijatokeza, kama mtoto wa Pwani atambuavyo tanga la babake kwa kiraka.

Ndipo nilipomwita yule mdogo, nikamwambia aseme hoja yake. Akasema: “Maalim, mlio huu ndio sauti ya baba. Mtu akifa, sauti yake huondoka. Ya baba haijaondoka. Asubuhi nikiliwasha gari, mama hutoka nje bila ya kuitwa. Ukitia injini ya Toyota, litaondoka gari jingine lenye sura ya baba.” Kisha akaongeza hoja ya mfukoni: yuko tajiri mmoja aliyekuja kutoka Nairobi, mpenda magari ya kale, ambaye alisema atalinunua kwa bei nzuri, kwa sharti injini iwe ni ile ya asili.

Hoja hii si ya kipuuzi, na wala si ya Isiolo peke yake. Huko Marekani wanayo magari wanayoyaita ya misuli, yaliyoanza kupata jina 1964 ilipotoka Pontiac GTO yenye injini ya lita 6.4: gari la mwili wa wastani lililotiwa moyo wa tembo. Leo wapenzi wa magari hayo wakitaka kununua moja, kitu cha kwanza ni kuinama na kurunzi kutazama namba zilizopigwa muhuri katika injini, waone kama ndiyo iliyozaliwa na gari lile. Zikilingana, bei hupanda. Zisipolingana, hushuka, hata kama injini mpya ina nguvu maradufu. Mwezi wa Januari 2020, Mustang ya 1968 aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen katika filamu ya Bullitt iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.4, na ada za mnada zikaifikisha milioni 3.74. Haikuwa imepakwa rangi mpya wala kunyooshwa mikwaruzo. Ule uchakavu wake ndio uliokuwa ushahidi wake.

Nikamwita kaka mkubwa. Huyu si mtu wa maneno mengi. Alinionyesha mikono yake, imejaa grisi, akasema: “Mzee, ndugu yangu analiwasha asubuhi; mimi ndiye ninayelisukuma jioni.” Akanieleza. Injini ile ni ya ujazo wa sentimita 2286, nguvu zake zilipokuwa mpya zilikuwa kama farasi 70, na farasi wenyewe wamezeeka. Lita moja ya petroli ikimtoa kilomita tano au sita, hushukuru Mungu. Spea za asili hupatikana kwa kuagiza, ama kwa kuchinja gari jingine. Akitaka kwenda Merti au Garbatulla kuchukua mbuzi awalete mnadani, nusu ya faida humezwa na tangi. Injini ya Toyota ya silinda sita, ile waiitayo 1HZ, ina lita 4.2 na nguvu za farasi kama 130. Hutumia dizeli, haina plagi wala karbureta, na kila makanika kutoka Isiolo hadi Mandera anaijua kama ajuavyo Alhamdu. “Baba,” akasema, “hakulinunua gari ili litazamwe. Alilinunua litulishe.”

Na huyu naye ana wenzake duniani. Huko Cuba, baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya biashara vilivyofuata, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yalibaki bila ya spea. Wacuba hawakuyatupa wala hawakuyaweka makumbusho. Waliyatia injini za Kirusi, za Volga na nyinginezo, na za dizeli kila walipozipata, nayo yangali yakibeba abiria katika mitaa ya Havana. Mkusanyaji wa Kimarekani akifunua boneti huenda akalia. Lakini lau Wacuba wangeshika namba za injini, magari yale yangekuwa yameyeyushwa zamani, na huyo mkusanyaji asingekuwa na cha kulilia.

Msomaji anijuaye atadhani nitaegemea wapi. Mimi ni mtu wa vina na mizani. Tangu zile siku za mabishano makali ya miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na watu wakagawanyika, nusu wakisema huo ni ushairi na nusu wakisema ni nathari iliyokatwakatwa, mimi nimekuwa upande wa sheria alizozieleza Amri Abedi katika kitabu chake cha 1954. Kwa hiyo yule mdogo alinitazama kwa matumaini. Alijua kwamba mhafidhina humpenda mhafidhina.

Nami nilitaka kumpa haki, wallahi. Lakini nilikumbuka mafundi wa majahazi. Kwetu jahazi likizeeka hulazwa pwani, mbao zilizooza zikang'olewa moja moja, zikapachikwa nyingine. Mwaka huu ubavu, mwaka kesho sitaha, mwaka wa tatu mlingoti. Baada ya miaka thelathini huenda pasisalie ubao mmoja wa awali, ila chombo kina jina lile lile na nahodha huapa kwamba ni kile kile. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza fundi mmoja: mwisho wake ni wapi? Akanijibu kwamba mwisho wake ni mkuku, ule ubao mkuu wa chini unaobeba mbavu zote. Mkuku ukibaki, waendelea kutengeneza. Mkuku ukifa, waunda chombo kipya, na ukilipa jina la zamani umedanganya. Na majahazi hayo hayo, yalipotiwa mashine za dizeli, wazee walisikitika, wakasema usafiri umeharibika. Lakini hawakusema kwamba chombo si kile. Upepo ulikuwa umebadilishwa, mkuku haukubadilishwa.

Hata ushairi wenyewe ndivyo ulivyo, tukiwa wakweli. Bahari ya utenzi ni mizani minane katika kila kipande, vipande vinne, na kina cha mwisho kinachofunga beti zote. Ndani ya bahari hiyo zimepita hadithi za vita vya Mtume, zikapita nasaha za mama kwa bintiye, zikapita siasa za uhuru, zikapita maradhi ya ukimwi. Kinachosukuma utenzi kimebadilika mara nyingi, kilichoubeba hakikubadilika. Mimi niliyeteta kwa ajili ya vina nilikuwa natetea mkuku, na sikuwa nikitetea kila ubao.

Sasa, katika gari, mkuku ni upi? Hapa sheria ya serikali na fundi wa jahazi wanakubaliana. Kitabu cha gari huandikwa namba mbili, ya chasisi na ya injini. Namba ya chasisi ndiyo gari lenyewe: ukiikwaruza ni jinai. Namba ya injini yaweza kubadilishwa kihalali, ilimradi mwenye gari aiarifu mamlaka, ambayo tangu sheria ya 2012 ni ile ya usalama barabarani, NTSA, na kitabu kirekebishwe. Maana yake ni kwamba sheria yenyewe imekwisha kukiri: injini ni ubao, chasisi ni mkuku.

Kwa hiyo nilimwambia yule kaka: hoja yako ina nguvu zaidi kuliko ya nduguyo. Akaanza kutabasamu. Nikamwambia ngoja, sijamaliza, kwani una makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la kifundi. Umehesabu farasi ukasahau hatamu. Gari la inchi 109 la miaka ile lina breki za dramu magurudumu yote manne, zilizokusudiwa kusimamisha mwendo wa farasi 70. Giaboksi yake haikuumbwa kubeba msukumo wa injini ya lita 4.2, na ekseli za nyuma za Land Rover hizo zilikuwa zikikatika hata kwa injini yake yenyewe. Dereva yeyote mkongwe wa kaskazini atakuambia. Injini ya silinda sita ni ndefu na nzito, itasukuma rejeta mbele na kulemea springi. Ukitia moyo wa kijana katika mwili wa mzee bila ya kuimarisha mishipa, umemwua mzee. Na siku hizi hatari imezidi kwa sababu ya neema: lami imefika Moyale tangu katikati ya miaka ya 2010, watu wanakimbia. Zamani mawe yalikuwa ndiyo breki. Basi ama tafuta injini ya dizeli ndogo zaidi ya silinda nne, ama badilisha breki, giaboksi na ekseli pamoja na injini. Kubadilisha nusu ndiko kunakozika watu.

Kosa la pili ni la tamaa. Nilisikia kwamba injini ya zamani ikishang'olewa itauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hapo nakukataza. Injini ya kale ikioshwa, ikapakwa mafuta, ikafungwa turubai na kuwekwa ghalani, haili wala hainywi. Siku ya siku, mjukuu wa baba yenu akitaka kuirudisha, ataikuta. Na tajiri wa Nairobi akirudi, ataambiwa gari hili hapa na injini yake ile pale, namba zake zalingana. Kwa hiyo fundi asikate chasisi kwa moto, asitoboe pasipo lazima. Vishikizo vipya vifungwe kwa bolti, viwe vya kufunguka. Badiliko linaloweza kurudishwa ni mkopo. Lisiloweza kurudishwa ni mauzo, na mtu hauzi asichomiliki peke yake.

Na hapo ndipo lilipo kosa la tatu, ambalo ni lenu nyote wawili. Niliwauliza: gari hili ni la nani? Mkubwa akasema “letu”, mdogo akasema “la baba”. Nikawaambia nyote hamkusoma chuoni, ama mlisoma mkasahau. Mtu akifa, mali yake si yake tena, na wala si ya wanawe wa kiume. Surat an-Nisaa imegawa waziwazi: mjane ana thumni, fungu moja katika manane, marehemu akiwa na watoto, na mabinti wana mafungu yao, binti nusu ya fungu la ndugu yake. Mna dada wawili. Je, waliulizwa? Mama yenu aliulizwa? Mmegombania sauti ya baba miezi chungu nzima, na sauti ya mama, ambaye yu hai, hakuna aliyeitafuta. Mkitaka kugawa kwa haki na mmeshindwa wenyewe, mahakama ya Kadhi iko hapo hapo Isiolo.

Kimya kikatanda. Mama, ambaye alikuwa ndani akisikiliza nyuma ya pazia, akatoka. Sitayaandika yote aliyoyasema, kwani mengine ni ya nyumba yake. Nitaandika moja tu. Alisema: “Mimi sitoki nje asubuhi kwa ajili ya mlio. Natoka kuomba liwake.”

Yule mdogo akainama. Nami nikainama, kwani hata mimi nilikuwa nimeipenda mno ile habari ya sauti ya baba, nikaanza kuitungia beti kichwani. Sisi watu wa maneno tuna ugonjwa huo: twapenda kumbukumbu ya mtu mpaka tukamsahau anayesukuma gari jioni.

Simdharau kamwe aliyeazimia kuhifadhi. Mwenye uwezo, mwenye gari la pili la kazi, na ailinde injini ya asili hata kwa jambia. Nchi hii yahitaji watu wa namna hiyo, kwani vitu vyetu vingi vya kale vimekwisha kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake atahifadhi. Tazama yale mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yaliyoanza 2003: watu hutoka Ulaya kuja kuyakimbiza katika mavumbi yetu magari ya zama ambazo sisi wenyewe tuliyayeyusha ya kwetu tukafanya sufuria. Na swali hili litarudi kwa sura nyingine. Hapa Kenya magari ya kutembeza watalii yamekwisha kuanza kung'olewa injini zote, za asili na za kupachika, yakatiwa mota za umeme. Siku hiyo ikifika Bulla Pesa, wajukuu watagombania injini ya Toyota, waseme huo ndio mlio wa babu.

Lakini kwa wasio na gari la pili, kanuni yangu ni hii: hifadhi mkuku, badilisha kinachosukuma, tunza ulichokitoa, andikisha ulichokitia, na kabla ya yote waulize wenye mafungu. Kanuni hii nimeipima kwa jahazi, nimeipima kwa utenzi, na sasa kwa Land Rover, na haikunisaliti. Nilipoondoka Isiolo ndugu wale walikuwa wameanza kusemezana, japo kwa hasira, na walikuwa wakibishana juu ya breki. Hayo ni mabishano ya watu wanaotaka kufika.

Nami nawaachia ubeti mmoja, wauandike wapendapo:

Mkuku ukisalia, chombo hakijavunjika,
Na mbao zikiachia, fundi hajui kuchoka,
Cha baba ukikitia, moyo mpya wa kuwaka,
Wa kale kujiuzia, hiyo hasara hakika.